Debe la Zabibu

Nimelelewa katika nyumba ambayo pombe haikuvuka kizingiti, na hata leo, nikiwa na umri wa miaka sabini na mitano, nusu bilauri hunitosha kwa jioni nzima. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba anaongozwa na bingwa wa kuonja mvinyo. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Ninachokijua juu ya mvinyo ni kile anachoweza kukijua mtu aliyekaa miaka mingi kati ya wakulima wa zabibu, pamoja na kile nilichokwenda kukitafuta mwaka 2024, nikiwa nimechelewa sana.

Jambo lenyewe lilianzia harusini, hapa Morogoro ninapoishi, mwezi wa Juni mwaka huo. Kwenye meza ya wazee tuliwekewa chupa mbili za mvinyo mwekundu. Moja ilikuwa ya kiwandani, yenye lebo ya rangi na nembo zake zote. Ya pili ilibandikwa kipande cha karatasi kwa gundi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu jina la kijiji na mwaka wa mavuno, basi. Nikavaa miwani. Kijiji kile kipo upande wa Hombolo, kaskazini-mashariki ya mji wa Dodoma, na huko ndiko nilikokuwa mwalimu mkuu tangu mwaka 1979 hadi 1991. Hata mwandiko niliujua. Simaanishi kwamba nilimtambua mwandishi. Namaanisha kwamba ile herufi yenye mkia uliokunjwa niliichora ubaoni kwa miaka kumi na miwili, na haiwezekani kuwa imeokotwa mahali pengine.

Nilimwuliza mjomba wa bwana harusi chupa ile kaipata wapi. Akasema kuna mama anatengeneza nyumbani kwake, mapipa machache tu, hana kibao barabarani wala duka mjini. Mtu humfikia kwa kuelekezwa. Nikauliza ni mama yupi. Akanitajia jina la baba yake.

Niliiweka bilauri mezani na sikuinywa tena.

Mwezi wa Agosti nikasafiri. Treni ya umeme ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kwenda Dodoma, nami nilikuwa na shauku ya kuipanda kama mtoto. Safari ambayo zamani ilitulaza njiani, tukiamkia vumbi na kelele za wauza mayai, sasa ilikwisha kabla sijamaliza kusoma gazeti. Agosti niliichagua kwa makusudi, kwa kuwa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba. Mavuno ya pili ndiyo matamu zaidi, kwa maana huwa ni kiangazi kikavu, na mzabibu usioloweshwa na mvua hukusanya sukari.

Nikiri hapa kwamba sikwenda kijijini moja kwa moja. Kwanza nilipita Bihawana, nikajiambia kwamba mtu anayetembelea nyumba za mvinyo lazima aanzie kwenye mzizi. Kwa hakika nilikuwa najichelewesha.

Lakini mzizi ni ule kweli. Zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari Wakatoliki, mwishoni mwa miaka ya 1950, nao walizipanda pale Bihawana, misheni iliyo kusini-magharibi ya mji. Haja yao haikuwa biashara. Kanisa lao linaagiza kwamba divai ya misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika, na kuiagiza kutoka Ulaya kulikuwa na gharama. Waliona nchi kavu, yenye mvua ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, isiyofika milimita 600 katika miaka mingi. Wakaona udongo wa kichanga usiotuamisha maji na usiku wenye baridi kiasi. Sisi wengine tuliotoka nje tuliitazama nchi ile tukaona njaa. Wao waliona zabibu.

Nilifika Bihawana mara ya kwanza mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya kuhitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nikiwa na wanafunzi thelathini wa darasa la sita na biskuti kidogo. Tulipokewa na mzee mmoja mtunza shamba, Mgogo, mkasi kiunoni kama bastola. Watoto wakamsalimu "Mbukwenyi!" kwa sauti moja, naye akafurahi, akatufundisha jambo ambalo silo la vitabu vyetu. Huko Ulaya, alisema, mzabibu hulala wakati wa baridi. Majani hupukutika wenyewe, na joto likirudi huamka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Ukiuacha utaendelea kutoa majani mwaka mzima kama mwendawazimu, na matunda yatakuwa machache. Basi mtu ndiye anayeuamuru: anaupogolea, karibu kuumaliza kabisa, nao kwa mshtuko huo huanza maisha upya, na baada ya kiasi cha miezi minne unavuna. "Mkasi huu," akasema akiupigapiga, "ndio baridi yetu."

Halafu akatuingiza katika chumba chenye kuta nene, ambamo divai ilikuwa ikichachuka. Akawasha mshumaa na kuushusha polepole juu ya chombo. Ukazimika. Watoto wakadhani ni uchawi. Nilikuwa nimefundisha somo la hewa ya kaboni dioksaidi wiki ile ile, kwa michoro, na hakuna aliyelielewa. Sasa wote thelathini walielewa kwa mara moja: chachu hula sukari, ikatoa kileo na hewa hiyo nzito inayozima moto, na ambayo humwua mtu anayeinama ovyo ndani ya pipa. Nimefundisha miaka thelathini na sita, na sidhani kama niliwahi kupata kipindi kizuri kuliko kile, tena hakikuwa changu.

Safari hii nilitembea tu kati ya mistari ya mizabibu, nikakaa kivulini, nikala ndizi zangu. Mji umeusogelea sana upande ule. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma kwa dhati kuanzia mwaka 2016, jambo lililoamuliwa tangu 1973, viwanja vimekuwa na thamani kuliko mashamba, na mara kadhaa njiani niliona nguzo za zege za mizabibu zikiwa zimezungukwa na misingi ya nyumba. Sina ugomvi na makao makuu. Watu lazima wakae mahali.

Kesho yake nilikodi bodaboda kwenda kijijini, nikishikilia kofia. Sasa ni lazima nieleze kwa nini nilikuwa najichelewesha.

Katika miaka ya 1980 zabibu zilikuwa ndiyo habari ya mkoa mzima. Magereza yalilima, vijiji vililima, na pale Makutupora kituo cha utafiti kilishughulikia aina mbalimbali. Aina nyekundu inayojulikana kwa jina la Makutupora hadi leo ndiyo inayozaa sana kwa wakulima wengi. Shule nazo, kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, zilitakiwa kuwa na mashamba. Nilipanda nusu ekari ya mizabibu nyuma ya madarasa. Ilistawi. Mwaka 1982 niliitisha mkutano wa wazazi chini ya mbuyu na kuwahutubia kama waziri. Mtama na uwele, niliwaambia, vitawalisha. Lakini zabibu zitawasomeshea watoto. Nilitumia maneno hayo hayo. Niliwagawia pingili kutoka shamba la shule, nikawafundisha kuchimba mashimo, kusimika nguzo na kuvuta waya.

Mmoja wa waliosikia vizuri alikuwa mzee mpole, mwenye ng'ombe wachache na binti mwenye akili. Aliuza ng'ombe wawili ili anunue waya. Nguzo zake zilikuwa za miti, mchwa wakazila, akasimika nyingine. Miaka mitatu ya kwanza alivuna na kuuza, na kila nilipopita alinisimamisha kunishukuru.

Mwaka 1987 yule binti alifanya mtihani wa darasa la saba, akachaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza. Katika shule yetu, mwaka ule, alikuwa msichana pekee. Kulikuwa na ada, ambayo ilikuwa imerudishwa katika shule za sekondari miaka michache nyuma, na sare, godoro, ndoo, nauli. Baba yake alisema: mavuno ya Februari.

Mavuno ya Februari 1988 yalikuwa makubwa. Mvua nayo ilikuwa kubwa. Wanunuzi waliotegemewa hawakuja; mara tuliambiwa barabara, mara tuliambiwa fedha haijatoka, mara tuliambiwa wana zabibu za kutosha. Sasa mahindi yasiponunuliwa unayatia ghalani, unangoja. Mtama vilevile. Zabibu haingoji. Ikiiva, na mvua ikaigonga, ngozi hupasuka, ukungu huingia, na katika siku chache kichala kizima ni uvundo na nyuki. Kijiji kizima kilinuka siki. Hakuna aliyejua kutengeneza mvinyo. Tulikuwa tumefundisha watu kulima kitu ambacho hawakuweza kukila chote, kukitunza wala kukigeuza, na mlango wa kukitolea ulikuwa mmoja tu.

Asubuhi moja yule mzee aliingia ofisini kwangu na debe la zabibu kichwani. Alilitua juu ya meza, juu ya daftari la mahudhurio. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo sikuiona. Akasema, "Mwalimu, ulituambia zabibu zitasomesha watoto. Hizi hapa. Msomeshe."

Nilimjibu kwa lugha ya ofisini. Nilimwahidi kwamba nitaandika barua kwa wahusika. Barua niliandika, jibu halikuja, nami sikuandika ya pili. Zabibu niliwagawia watoto wakati wa mapumziko, wakashangilia. Binti hakwenda shule. Baada ya mavuno mawili mengine ya namna ile, mzee aling'oa mizabibu, na wengi kijijini wakafanya hivyo.

Hapo huwa naikomesha hadithi hii ninapoisimulia, na wasikilizaji hutikisa vichwa kwa ajili ya wanunuzi, barabara na siasa za uchumi. Lakini kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Mwezi ule nilikuwa na fedha. Nilikuwa nimeziweka kidogo kidogo kwa miaka minne, ndani ya kopo la maziwa, kwa ajili ya mabati ya nyumba yangu hapa Morogoro. Zingetosha ada na godoro, na zingebaki. Nilizihesabu usiku wa siku ile ya debe, nikazirudisha katika kopo.

Basi ndiye niliyekuwa naenda kumtembelea.

Nyumba yake iko mwisho wa kijiji, ya matofali ya kuchoma, na ubavuni imeunganishwa na tembe ya zamani ya baba yake, ile ya paa la udongo. Nilimkuta uani, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alinitazama kidogo tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenijuaje?"

"Nani mwingine anatembea na kalamu mfukoni akiwa na bodaboda?"

Kiwanda chake ni ile tembe. Kwanza nilidhani ni umaskini. Kumbe ni hesabu. Udongo mnene wa paa na kuta huzuia joto la mchana, na joto ndilo adui wa mvinyo nchi kama ile: pipa likichemka mno, chachu hufa kabla ya kumaliza kazi, na sukari iliyobaki huharibika. Ndani kulikuwa na mapipa saba ya plastiki, kila moja limevikwa gunia lililoloweshwa maji. Kutoka kwenye vifuniko vya mapipa mawili ulitoka mpira mwembamba uliozamishwa katika chupa ya maji, na majini palikuwa na mapovu, moja baada ya jingine, kama mtu anayefikiri. Hewa ya ndani inatoka, akanieleza, ya nje haiingii. Nilisimama pale nikamkumbuka mzee wa Bihawana na mshumaa wake, nikamsimulia. "Mimi hutumia kibatari," akasema.

Akanionyesha kazi yote, na alinionyesha kama mtu anayemfundisha mwalimu, bila haraka. Vichala huchambuliwa kwa mkono, zilizooza hutupwa. Zabibu hupondwa, lakini kokwa zisivunjwe, maana zina uchungu. Juisi ya zabibu nyeusi ni karibu nyeupe; wekundu wote uko ganda, kwa hiyo maganda huachwa humo siku kadhaa, nayo hupanda juu na kuwa kama mkate mzito, na lazima yasukumwe chini asubuhi na jioni, la sivyo huota ukungu. Halafu huchujwa, hukamuliwa, huachwa katika pipa lililojaa pomoni ili hewa isipate nafasi, na huhamishwa mara kadhaa kuacha machicha chini. Sukari huipima kwa kipimo cha kioo kinachoelea. Alijifunza mjini, alipofanya vibarua vya msimu katika kazi ya zabibu kwa miaka tisa, akiosha mapipa na kutazama.

"Na mbegu?" nikauliza. "Mzee si aling'oa?"

Akanipeleka nyuma ya tembe. Kando ya ukuta wa zizi palikuwa na mzabibu mmoja, shina lake nene kama paja langu, umetambaa juu ya miti ya zizi. Baba yake aliuacha huo kwa ajili ya kivuli cha ndama. Pingili zote za shamba lake, mistari kumi na minne, zimetoka pale. Yaani zimetoka nyuma ya madarasa yangu.

Tuliketi chini ya mzabibu huo. Akaleta bilauri mbili na sahani ya karanga. Mvinyo wake ni mkavu, unakwaruza ulimi kidogo, na baadaye unaacha kitu kama harufu ya zambarau. Niliupenda. Lakini nimekwisha kuonya kwamba mimi si bingwa.

"Mwalimu," akasema, "lile debe la baba. Zabibu zile ulizifanya nini?"

"Niliwapa watoto."

"Zote?"

"Zote."

Akacheka. "Baba hadi anakufa aliamini umepika divai. Alikuwa akisema, Mwalimu huyo anakunywa ada yako."

Nilicheka naye, halafu nikashindwa kuendelea kucheka. Nikamwambia habari za kopo la maziwa. Nilimwambia zote, kiasi kilichokuwemo, na kwamba nilizihesabu usiku. Yeye alikuwa akiokota majani makavu chini na kuyavunjavunja. Hakuniangalia.

"Nyumba ile bado ipo?" akauliza hatimaye.

"Ipo. Ndiyo ninayokaa."

"Haivuji?"

"Haivuji."

"Afadhali," akasema, akainuka kwenda kusukuma maganda, kwa kuwa saa ya jioni ilikuwa imefika.

Sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa, na hadi leo sijui. Nilimfuata ndani. Alinipa mti mmoja, mrefu, uliochongwa kama mwiko, akanionyesha pipa la pili. Tulisukuma pamoja kimya kimya, yeye lake na mimi langu, na povu la zambarau likanirukia shati.

Nilipoaga nilimwomba chupa mbili. Akasema thelathini elfu zote mbili. Nikampa noti tano za elfu kumi, nikamwambia abaki na chenji. Aliingia ndani, akakaa kidogo, akarudi na noti mbili za elfu kumi, akanitia mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake, kama mtu anavyompa mtoto nauli.

"Bei ni hiyo, Mwalimu. Ila chupa unirudishie. Chupa ndizo zinazonitesa, hata mjini hazipatikani kirahisi, mimi huokota za harusini na kuzichemsha."

Niliahidi. Mwenye bodaboda alikuwa akipiga honi. Nilizibeba chupa mapajani hadi mjini, nimezifunga kwa koti, na kesho yake katika treni niliziweka katikati ya miguu.

Moja tuliifungua Krismasi na wajukuu. Nimeiosha, lebo yake nimeibandua taratibu kwa maji ya moto na kuitia katika kitabu. Ya pili bado sijaifungua. Zabibu za Februari zimekwisha kuvunwa sasa, na mguu wangu wa kushoto unanisumbua, lakini Agosti si mbali, na chupa iko kabatini imegeuzwa mdomo chini, imekauka.